Taa Moja, Spika Mbili

Mama Zuhura, pokea salamu, wewe na wajukuu. Mimi mzima, ila mwili bado unanisisimka!

Leo Kariakoo, mama wa Kihindi mwenye duka la vipuri kawasha taa moja juu ya spika mbili. Moja ikaimba taarabu, ya pili ikatangaza mpira. Nikamcheka: "Mimi fundi redio wa wilaya nzima! Nisipouona waya uliouficha, nakuwa mwanafunzi wako."

"Tafuta, mzee."

Nimefungua zote, waya hamna! Nikafunika moja kwa kofia, ikanyamaza. Ya pili ikaendelea!

"Mwanga ndio unaobeba sauti. Taa inawaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoona," akasema. "Inazigawia spika zamu."

Basi nabaki wiki nzima, mwanafunzi wake. Usinikondee, mke wangu. Wateja wakiuliza, sema nimezuiwa niwafundishe watu wa Dar.

Mumeo