Chama hakikuja kumzika Pelagia

Gerson, ndio nimetoka kikaoni hapa Igalula. Nimechoka, ndugu yangu.

Genge letu lote la reli lilishakubali kukihama chama cha wafanyakazi, tuingie kile kipya. Mimi nikasimama na yale yale yaliyowashawishi: mke wangu Pelagia alipofariki, hawa wakubwa hawakuleta hata jeneza.

Katibu wa chama akaniuliza taratibu, "Mzee Raymundi, taarifa ulimpa nani?"

Yaani ananiuliza mimi. Taarifa ulimpa nani.

Akafungua daftari la misiba. Msiba wa kwa mwenzetu Silasi umo, wa kwangu haumo. Ngassa wa genge letu akacheka, "Mzee, miaka sita unawatukana watu bure." Ilipopigwa kura ya kuhama, mikono haikuinuka. Tumebaki kwenye chama kilekile.

Gerson, siku ile niliyemtuma ofisini kwao ni wewe. Ulifika?