Eleuterio Hatoroki

Jumatatu, 15 Septemba
Wakili kaja ukumbi wa kanisa. Watu pomoni! Kasema maofisa wa uhamiaji wanaweza kumkamata mtu bila hati ya kukamatia, lakini mpaka yawepo mambo mawili: wawe na sababu ya kuamini hana vibali, na kwamba atatoroka kabla hati haijapatikana. Mume wangu Eleuterio, mchomaji wa pilipili, vibali hana, tangu tuhamie hapa Pueblo, Marekani. Lakini kutoroka? Huyu? Akaninong'oneza — nitorokee wapi, na pilipili za watu nani atazichoma? Nikacheka mpaka wakili akanikazia macho. Nampenda mzee wangu huyu, jamani.

Jumatano, 17 Septemba
Wifi Obdulia kapiga simu toka Chicago. Eti njooni kwangu, mnangoja mkamatwe kama kuku? Nikaanza kufunga mizigo. Eleuterio akayatoa mashati yake moja moja, akayarudisha kabatini. Nikiondoka, anasema, hapo ndipo nitakuwa mtoro kweli. Nikamwita kichwa kigumu. Akacheka. Tukanuniana — yaani mimi nilinuna! Jioni akanimenyea pilipili, hata mbegu akanitolea. Hasira kwisha. Ovyo kabisa mimi.

Ijumaa, 19 Septemba
Wamekuja. Maofisa wawili. Eleuterio yuko uani, pipa la pilipili linazunguka juu ya moto, moshi tele, wateja wamepanga foleni. Wakamuuliza kazaliwa wapi. Kimya, kama wakili alivyotufundisha. Lakini jina lake wanalo tayari! Mimi mlangoni, nawatazama. Zima moto, wakamwambia. Akasema ngojeni kidogo, zitaharibika, za mama huyu. Na akazimaliza! Akafunga mfuko, akampa mama wa watu, akawageukia.

Ofisa mwenye ndevu akampigia simu mkubwa wake. Nilimsikia — hapana bosi, huyu hatoroki, hata moto hataki kuuacha. Wakaenda kufuata hati.

Nimempigia wakili. Yuko njiani, kasema Eleuterio aingie ndani, asimfungulie mtu. Nimemwambia. Nimemsihi. Nimemvuta shati! Yeye: bado magunia mawili, mke wangu, watu wamelipa.

Barabara nyeupe, hakuna mtu. Gari nimeliwasha mara mbili, nimelizima mara mbili. Funguo ziko mkononi hapa ninapoandika. Wamemwamini kwamba hatakimbia, na kweli hakimbii. Ni mimi ninayetaka kukimbia, tena naye begani kama gunia!

Ananiita. Mifuko imemwishia, nimpelekee mingine.