Vidole Viwili

Dada yangu,

Huku tunaendelea. Goti la mama limepoa. Mwanangu ameota jino la kwanza wiki ileile ambayo mimi langu lilinitoka, na huna haja ya kuuliza lilitokaje.

Umeniuliza kuhusu ajali ya shemeji yako. Alikuja gereji kwangu kutaka niifungie pikipiki yake breki ya diski, maana ile ya zamani ilikuwa nzito, mpaka uiminye kwa ngumi nzima.

"Wateja unawafungia vitu vizuri, mimi mumeo napanda mkweche!"

Akanikaba shingo, akanibamiza kichwa mezani. Nikaifunga siku hiyohiyo, damu ikidondokea spana. Nikaitia mafuta mapya ya breki, nikaitoa hewa yote, nikaijaribu mwenyewe. Sijawahi kufunga breki nzuri kama ile.

Kwenye mteremko wa sokoni lori likamkatia njia. Akaiminya breki kama anavyominya kila kitu. Tairi la mbele likaganda papo hapo, akarushwa juu ya usukani, akatua kwa uso. Taya limevunjika sehemu tatu, na daktari anasema mkono wa kulia hautakunja ngumi tena.

Polisi wameikagua pikipiki, wakanisifu kwamba breki haina kasoro hata chembe.

Ni kweli haina. Ila kila mteja ninayemfungia diski, kabla hajawasha, humshika mkono nikamwambia, "Vidole viwili tu, hii inang'ata."

Yeye sikumwambia.

Ukimaliza kusoma, choma.

Mdogo wako, fundi