Gauni la marehemu mama

Jumapili

Vigelegele vya mama mdogo bado vinanilia masikioni. Leo kijijini Kimuli, tukijiandaa kwa sendofu ya binamu yangu, mama mdogo alitoa gauni la marehemu mama alilolitunza miaka yote, akamvalisha binti yangu Asimwe. Likamkaa. Mama alilivaa akiwa tayari ana wajukuu. Asimwe yuko kidato cha pili.

"Dada yangu amerudi!" mama mdogo akapaza sauti. "Huyu mtoto anatunzwa!" Wanawake wakashangilia, wakamwongezea matoke.

Nikacheka nao. Huku kwetu kunenepa ni sifa. Ukipungua unapewa pole. Lakini mimi ndiye niliyemuuguza mama. Sukari ilianza na mguu, halafu... Na mimi sasa nameza vidonge vya presha kila asubuhi.

Tuliporudi nyumbani Asimwe alikuwa bado amelivaa, anajitazama kwenye kioo.

"Linanibana kidogo tu kifuani. Lifumue pembeni, mama, lazima kuna kitambaa kimebaki."

Nikaligeuza ndani nje. Pande zote mbili mishono ilishafumuliwa mpaka ukingoni. Mama alikuwa amekimaliza kitambaa chote.