Macho Yasiyozoea Giza

Jumapili, 3 Novemba

Samahani. Sijui namwomba nani, lakini samahani. Tangu Salim azaliwe sijaandika humu hata mstari mmoja, na Salim sasa anakaa mwenyewe. Kila nikishika kalamu kuna mtu analia, au mimi mwenyewe nasinzia.

Leo nimefua, nimeanika, mvua imenyesha, nimeanua, nimeanika tena ndani. Nyumba nzima inanuka nepi mbichi. Katikati ya hayo darubini imefika.

Kaka yangu Fuad ameituma kutoka Maskat kwa mkono wa msafiri. Limekuja bomba lake tu, jeupe, na kioo kidogo kimoja cha kutazamia, ndani ya sanduku la chuma lenye sponji. Ukilisimamisha linamfika binti yetu Nasra kifuani. Kitako na miguu vitakuja na mtu mwingine, huyu kilo zake za mizigo zilikwisha.

Niandike yote, siku nikirudi kusoma nisijidanganye. Mume wangu Swaleh macho yanamfunga. Usiku haoni tena. Mchana anaona kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Daktari alisema ugonjwa huu unaanza kukuzuia kuona gizani, halafu pembeni, katikati ni mwisho. Fuad alikuwa ameweka pesa za kumpeleka India. Daktari akasema tusijisumbue, hata huko dawa yake hawana. Baada ya siku nyingi Swaleh akampigia Fuad simu: basi ninunulie darubini nzuri, nione Zohali na pete zake kabla katikati napo hapajafunga.

Kwa hiyo India imekuwa darubini. Sikumpinga.

Daktari alisema na jingine. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu, na mume na mke wakiwa ndugu hatari inazidi. Mamake Swaleh ni shangazi yangu, dadake baba. Babu yetu ni mmoja. Daktari akauliza tuna watoto wangapi. Wawili, nikasema, na mkubwa ana miaka mitano. Akaandika kitu.

Jumanne, 5 Novemba

Swaleh hawezi kungoja kitako. Shule zimefungwa, kwa hiyo mwalimu wa hisabati yuko nyumbani kutwa, anaizunguka darubini kama bwana harusi. Baada ya magharibi amepanda nayo juu ya nyumba. Kwanza akapiga hodi kwa sauti kubwa, ili wanawake walio kwenye paa za jirani wajisitiri. Jirani mmoja akamjibu kwamba chombo chake kitazame mbinguni, kamba yake ya nguo haina nyota. Tumecheka mpaka Salim akashtuka.

Ameilaza darubini juu ya mbuzi ya nazi, na mto katikati. Imetulia vizuri kabisa. Shangazi alikuwa na nazi mbili zinamngoja jikoni.

"Mbuzi yangu yatazama mwezi," akasema. "Na nazi n'kune kwa meno?"

"Njoo uuone na wewe, mama."

"Nishauona. Nimezaliwa nao."

Mwezi ulikuwa mchanga bado. Una mashimo, una milima yenye vivuli vyake. Swaleh anasema darubini rahisi ingeuzungushia rangi ya zambarau. Hii ina lenzi tatu zilizopangwa kwa pamoja, kwa hiyo ukingo wa mwezi ni mweupe safi, unakata kama wembe. Alifuta uso kwa shati akasema jasho.

Nasra naye ameuona. "Una chunusi," akasema.

Nimefurahi kuliko ilivyostahili.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa ile kabla ya kuwasha taa. Nasra ametoka chuo cha Kurani na juzuu yake kifuani, akaingia ukumbini, akaipiga teke chupa ya chai. Chupa nyekundu, kubwa, katikati ya mkeka. Imevunjika ndani. Chai imemwagikia miguuni mwake, bahati ilikuwa imepoa.

Shangazi anasema, "Yuwamuiga babake. Hukuona avyopapasa ukuta? Watoto ni kasuku."

Ni kweli anapapasa ukuta. Babake anapapasa ukuta. Anamuiga.

Nimeandika anamuiga. Nimelitazama neno hilo mpaka Salim ameamka.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimewasha taa zote jua halijatua. Shangazi ameuliza kama kuna harusi na yeye hakualikwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kitako kimefika, kwa mtu aliyepitia Dubai. Kizito kama jiwe la kusagia. Swaleh amekifunga peke yake, skrubu moja moja, kwa kupapasa. Nilitaka kumsaidia, akanitazama. Nikaacha.

Kifuniko cha mbele kimepasuka njiani. Kuna kikoba cha vioo vingine vidogo vya kutazamia. Kimoja kinaonyesha mbingu pana lakini kwa mbali, kingine kinavuta sana lakini kinaonyesha mahali padogo. Kuna na tochi ya mwanga mwekundu. Kuna vipakiti vya kunyonya unyevu, vichache mno kwa nyumba hii. Kuta zetu zinatoa jasho la chumvi mwaka mzima, na Swaleh amesoma kwamba unyevu ukiingia kwenye lenzi huota ukungu, ukishaota hautoki. Unaanza pembeni.

Ametaka kulitia bomba ndani ya pipa la mchele. Shangazi ameshika mwiko akasimama mlangoni. Tumelifunga kwenye kabati la nguo za Idi.

Usiku mawingu.

Jumapili, 17 Novemba

Ameiona Zohali.

Aliniita nimshike bega. Nikachungulia baada yake. Kitu kidogo cha rangi ya samli, na pete nyembamba imekipita katikati kama sindano iliyochoma tembe. Sikujua kwamba kitu cha kweli kinaweza kuwa vile. Swaleh anasema kile kioo cha mahali padogo kinamfaa kuliko kingine chochote, kwa sababu duara lake ndilo duara alilobakiwa nalo. Humo ndani anaona sawasawa na mimi.

Nasra akapanda kigoda. "Ina masikio," akasema.

Swaleh akamrusha juu. Nami nikawa naomba kimoyomoyo, ona, mtoto anaona, anaona hata masikio. Mpaka nikakumbuka katikati ni mwisho.

Jumapili, 24 Novemba

Usiku usio na mwezi. Mvua ya mchana imeosha mbingu. Tumepanda baada ya isha, wote isipokuwa Shangazi.

Swaleh amezima kila kitu, akawasha ile tochi nyekundu, akasema tukae kimya kidogo macho yazoee giza. Wapenzi wa nyota hufanya hivyo. Tukakaa. Macho yangu yakazoea. Nikaanza kuona tangi la jirani, kisha antena, kisha nguo moja moja kwenye kamba, kisha nyota ambazo sikuwa nimeziona nilipofika. Juu ya tangi, Kilimia, kama pumzi kwenye kioo.

Nikamwambia Nasra, "Nyota nyingi ndogo zimekaa pamoja. Nionyeshe."

Akanyoosha kidole kwenye taa za bandari.

Babake akafuata mkono wake kwa kuupapasa, mpaka ncha ya kidole. "Mwanangu hodari," akasema. "Hicho ndicho Kilimia."

Hakioni na yeye. Kwake mbingu yote ni nyeusi kasoro nyota kubwa kubwa, na kwa Nasra pia, kwa hiyo wanaelewana vizuri. Hawajui wanachokosa. Nilikuwa peke yangu pale juu na zile nyota.



Jumatatu, 25 Novemba

Nimemjaribu. Nimezima taa ya ujia nikaweka kijiko sakafuni, cheupe, mbele ya miguu yake, nikasema niletee kijiko hicho. Akainama, akapapasa huku, akapapasa kule, akakikanyaga.

"Mama, umekificha?"

Nikawasha taa. "Hicho hapo."

Akacheka. Alidhani ni mchezo, akataka turudie.

Sitamwambia Swaleh. Siku chache tu, akae na Zohali yake. Ni mara ya kwanza mwaka huu anaimba bafuni.

Alhamisi, 28 Novemba

Stima zimekatika Mji wa Kale wote, kuanzia huku kwetu mpaka barabara ya Ndia Kuu. Nilikuwa namnyonyesha Salim. Nikasikia Swaleh anapiga hodi ya juu kwa furaha, leo ndiyo leo, na miguu ya Nasra nyuma yake. Walipanda kwa mwanga wa simu yake. Nilipoita wasimame walikuwa wamefika.

Muda ukapita. Kisha nikasikia, "Mama Nasra." Sauti ya chini, ya mtu asiyetaka majirani wasikie.

Nikamfunga Salim mgongoni nikapanda na mshumaa, mshumaa ukazimika kwenye upepo wa ngazi. Nikawaona kwa mwanga wa mbinguni. Wamesimama mlangoni pa ngazi. Simu imekwisha chaji. Mkono wa kushoto ukutani, mguu wa kulia mbele, dole gumba linatafuta ukingo wa kidato. Mkubwa hivyo, na mdogo hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa anamuona mwenzake.

Nilijua hapo hapo kwamba hakuna anayemuiga mtu.

"Nipeni mikono," nikasema. Nikashuka kinyumenyume, mmoja huku, mmoja huku, wa tatu mgongoni anavuta kitambaa changu.

Katikati ya ngazi Swaleh akasema, "Nasra, fungua macho, mwanangu."

"Nimefungua, baba."

Mkono wa Swaleh ukawa baridi ndani ya mkono wangu.

Ijumaa, 29 Novemba

Swaleh amerudi kutoka msikitini, hajala. Ameketi kitandani na kanzu yake.

"Tangu lini wajua?"

"Tangu chupa ya chai."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa waimba."

Akasema atamwambia Fuad aiuze darubini, hata kwa hasara, pesa ziende kwa mtoto. Nikamuuliza ziende wapi. Kwa dawa gani. Akafunika uso kwa mikono. Nilimshika kichwa, lakini neno langu sikulilegeza. Darubini haiuzwi. Jumanne tunakwenda kwa daktari, wote wanne. Sikumuuliza, nilimwambia.

Shangazi alikuwa mlangoni, amesikia. Hakuniita mke wa mwanawe, aliniita jina langu la utotoni.

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa kakangu kukuposa," akasema.

"Najua, shangazi."

"Nilisema damu yetu isitoke nje."

Nilimmiminia chai kwenye kikombe. Tumeketi nayo mpaka ikapoa.

Namkasirikia. Nampenda. Yote mawili leo, na nimechoka nayo.

Jumanne, 3 Desemba

Walimtia Nasra dawa ya matone machoni. Walimwingiza kwenye chumba cheusi. Aliambiwa abonyeze kitufe kila akiona nuru. Nilikuwa nje ya pazia nasikiliza kitufe. Kimya kirefu. Kitufe. Kimya kirefu.

Ndio ugonjwa huo huo.

Daktari ni yule yule, alisema kwa sauti ile ile. Unakwenda polepole. Atasoma, atakwenda shule, miaka mingi inshallah. Akae mbele darasani. Asitembee peke yake magharibi. Nikauliza Salim je. Mdogo mno, akasema, mrudishe akishajua kuongea. Salim alikuwa anakula funguo zangu na kucheka.

Kwenye tuktuk Nasra amelala mapajani mwa babake. Swaleh alikuwa amemfunika macho kwa kiganja, jua lisimchome.

Jumapili, 8 Desemba

Kumetulia. Mvua zimepungua. Mbuzi imerudi jikoni, leo tumekula wali wa nazi.

Jioni mwezi na Zohali vilikuwa karibu karibu. Swaleh ameniomba ruhusa kumpandisha Nasra. Nimekubali, kwa masharti. Wapande kabla ya magharibi, taa ya ngazi iwake, na mimi niwe mbele wakati wa kushuka. Amemfundisha kushika kile kitasa cha kusogeza darubini. Anamfundisha kwa kupapasa, macho yamefumbwa, wote wawili. Mwanzoni sikupenda kuangalia. Baadaye niliangalia.

"Masikio bado iko nayo," Nasra akasema.

"Hayatoki hayo," babake akamjibu.

Sasa wamelala. Salim yuko mapajani mwangu, anafuata mwali wa mshumaa kwa macho. Nimeusogeza kushoto, akaufuata. Kulia, akaufuata. Nimeuzima, nimewasha taa.

Fuad amepiga simu. Kuna mtu anakuja wiki ijayo, anauliza nini bado. Naandika hapa nisisahau kumtumia asubuhi.

Kifuniko cha mbele, kile kimepasuka.

Vipakiti vya unyevu, vingi kadiri mtu atakavyokubali kubeba.

Kioo cha kutazamia kinachovuta sana, kimoja zaidi. Cha mbingu pana asilete.

Miguu mifupi ya kitako, ya kimo cha mtoto.

Tochi ya mwanga mweupe, yenye nguvu. Nyekundu haitufai.

Taa za kuvaa kichwani. Moja ya mtu mzima, mbili za watoto.