Amina Yangu ya Mapema

Mchungaji, rafiki yangu,

Mgori, kijijini kwako, bado mvua inangojwa. Mama Neema, mjane wako, amelifagia kaburi lako na kulizungushia miiba ili mbuzi wasilikanyage. Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo ungeiuliza kwanza. Za chuo ungezingoja.

Chuoni hatujambo. Ibada ya asubuhi huanza kengele inapolia, nami bado naketi kwenye benchi letu la nyuma, upande wa dirishani. Nafasi yako haijakaliwa. Unaikumbuka asubuhi yangu ya kwanza? Wewe ulifundisha theolojia, mimi nililetwa kufundisha Kiswahili, Mkatoliki pekee kati ya walimu wa Kilutheri. Tulisali Baba Yetu. Sisi, tunaposali rozari, humalizia pale tunapoomba kuopolewa maovuni. Ninyi huendelea na ufalme, nguvu na utukufu. Sikulikumbuka hilo. Nilitamka "Amina" kwa sauti ya darasani, nikaketi, na kanisa zima likabaki limesimama. Ukainama, ukaninong'oneza: "Mroma, umeshuka kabla ya kituo."

Tangu siku hiyo ulinishika kiwiko kila tulipokaribia mahali pale katika sala. Sikukuomba. Ulinishika hata miaka ambayo sikuhitaji tena kushikwa.

Nazikumbuka pia Ijumaa za Kwaresima kantini, mhudumu aliposahau kwamba sisi hatuli nyama siku hizo, akaniwekea kuku. Uliivuta sahani yangu bila kuuliza, ukanisogezea maharage yako. "Njaa ya Mroma, shibe ya Mlutheri," ulisema, na meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilicheka baadaye, peke yangu, njiani kurudi nyumbani Utemini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua. Ulipokuwa mgonjwa uliniambia: "Nikitangulia, usinipeleke kwenye misa zenu za wafu. Nimepokelewa kwa neema, sihitaji kusukumwa." Nilikuitikia, ingawa imani yangu imenifundisha kuwaombea waliotutoka. Siku ya mazishi nilisimama kimya, rozari mfukoni, vidole vimeikamata punje ya kwanza bila kusogea. Nilitii. Lakini utii ule ulinielemea, Mchungaji. Mtu niliyemwombea kila siku akiwa hai... nimwache siku anapokwenda mbali?

Novemba, mwezi wetu wa kuwakumbuka marehemu, ilipoanza, nilikwenda kumjulia hali Mama Neema, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua uso.

"Shemeji, yeye alikukataza. Mimi sijakukataza. Nenda kamwombee. Alikuwa mbishi yule. Huko aliko atakuwa amekwisha kuwachosha."

Nilicheka hapo hapo, mbele yake, nikashindwa kuyazuia machozi.

Basi misa yako itasomwa Jumapili. Ukikasirika, kasirika, utanisema tutakapoonana, nami nitafurahi kusemwa. Na jioni hii nitakusalia rozari. Nikifika kwenye Amina yangu sitaketi. Nitaendelea na maneno yenu, yote, hadi mwisho, ili mimi na wewe tushuke kituo kimoja.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba kwenye benchi letu nitaendelea kukuachia nafasi, upande ule wa kiwiko changu.

Mroma wako.