Mguu Ulioshtuka

Baba yangu uliyelala Kedowa,

Jandoni ulinishika bega ukaniambia, "Uso usitikisike. Watu wanatazama." Sikutikisika, nawe ukajivuna mwezi mzima. Lakini wewe mwenyewe ulibeba kikapu cha majani chai mgongoni hadi mguu wa kushoto ukafa ganzi, na kila daktari alipouliza, ulijibu, "Hakuna shida, daktari." Mama akikukonyeza useme, ulimkazia macho. Ulimaliza maisha ukitambaa kwenda chooni, na mazishini watu wakasifu uvumilivu wako. Nilitaka kumnyang'anya mchungaji maikrofoni. Uvumilivu ndio uliokula mguu wako, Baba, na mashamba yale ya chai yalinenepa kwa uvumilivu wa watu kama wewe.

Mgongo wako niliurithi. Wiki iliyopita nilifanyiwa upasuaji. Siku hizi si lazima wakupasue mgongo wote; wanapitisha vifaa vyembamba katika tundu dogo. Ila tundu dogo halimwonyeshi daktari kila kitu, na neva ikiguswa vibaya, mguu umekwenda. Niliogopa hilo kuliko kifo. Basi wakanichoma visindano miguuni, nyaya zikaenda kwenye mashine, na mtaalamu mmoja, binti anayeitwa Chelangat, kazi yake ikawa kuitazama tu.

"Mzee, ukilala usijikaze."

"Nijikaze vipi nikiwa usingizini?"

"Nyinyi wazee wa huku siwaamini hata mkiwa usingizini."

Baadaye alinieleza kwamba katikati ya kazi kifaa kilikaribia neva, msuli wa mguu wangu ukashtuka, mashine ikaonyesha. Akasema, "Daktari, ngoja." Daktari akarudisha kifaa nyuma, akabadilisha njia. Nilipoamka waliniambia nisogeze vidole. Vikasogea vyote. Kutikisika ndiko kulikouokoa mguu wangu, Baba, jambo lile lile ulilonikataza.

Mashine hiyo si muujiza, na haiko kila hospitali. Nitapiga kelele hadi iwafikie wachuma chai wote wa Kericho na Bomet. Lakini inamsaidia tu aliyefika mezani kwa daktari, na hafiki asiyesema anaumwa.

Jana Mama alipiga simu. "Uko sawa?"

"Naumwa, Mama."

Akashusha sauti.

"Hata mimi," akasema. "Mgongo. Tangu baba yako akiwa hai."

Jumatatu dada anampeleka hospitali.

Pumzika, Baba. Huku tumeanza kusema.

Mwanao, yule mbishi